Mlango upi wa kubisha: ofisi zinazomhusu anayetaka kusoma chuo kikuu katika nchi jirani

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa taifa yanapotangazwa nchini Burundi, hesabu mpya huanza katika nyumba nyingi za Buyenzi, Rumonge na Nyanza-Lac. Mzazi anauliza kama kijana wake aende Dar es Salaam, Kampala au Nairobi. Kijana anauliza masomo yatakuwa kwa lugha gani na ada italipwa kwa utaratibu gani. Hupatikana pia jirani au jamaa anayesema kwamba ana mtu wake ndani ya chuo, na kwamba kwa malipo kidogo shughuli yote itakamilika.

Katika hatua hiyo ndipo wengi hupoteza muda, na wengine fedha. Barua hupelekwa kwenye ofisi isiyohusika, jibu halirudi, dirisha la maombi linafungwa na mwaka mzima unapita. Makala haya yanaeleza ofisi zinazohusika na udahili wa vyuo vikuu nchini Tanzania, Uganda, Kenya na Rwanda, kazi ya kila moja, na mpangilio ambao mwombaji kutoka Burundi, au kutoka upande wa Kongo wenye mfumo wa elimu ulio karibu na wa Burundi, anapaswa kuufuata.

Kwa nini ofisi ni nyingi

Kuanzia mwaka 1963 hadi 1970, Tanzania, Uganda na Kenya zilikuwa na chuo kikuu kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chenye matawi yake Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Kilipovunjwa mwaka 1970, kila nchi ilibaki na chuo chake. Vyuo vilikuwa vichache, na aliyetaka nafasi alimwandikia msajili wa chuo husika moja kwa moja.

Hali ilibadilika pale vyuo binafsi vilipoanza kufunguliwa, hasa tangu miaka ya 1990. Serikali zililazimika kuunda vyombo vya kukagua vyuo hivyo na kuvipa ithibati. Vikaja pia vyombo vya kutoa mikopo, vya kuwapangia wanafunzi nafasi na vya kulinganisha vyeti vya nje na vya ndani. Kila chombo kina sheria yake na mipaka yake. Mwombaji anayeviona vyote kwa mbali huvidhania kuwa ni ofisi moja inayoitwa "serikali", na hapo ndipo makosa yanapoanzia.

Kanuni ya kwanza, inayofaa katika nchi zote nne, ni hii: mwanafunzi wa kigeni hudahiliwa na chuo chenyewe. Tume au baraza la vyuo vikuu husema kama chuo kinatambulika. Baraza la mitihani, au chombo kinacholingana nalo, husema cheti cha mwombaji kina thamani gani katika mfumo wa nchi ile. Idara ya uhamiaji humruhusu kukaa nchini kwa ajili ya masomo. Bodi ya mikopo huwahudumia raia wa nchi yake. Anayeyashika mambo haya matano ameshavuka nusu ya safari.

Kinachofanywa kabla ya kuvuka mpaka

Kazi ya kwanza hufanyika nyumbani. Vyeti vya Burundi hutolewa kwa Kifaransa, na vivyo hivyo vya Kongo, ilhali ofisi za udahili za Tanzania, Uganda na Kenya hufanya kazi kwa Kiingereza. Kwa hiyo mwombaji anahitaji tafsiri ya cheti cha mtihani wa taifa pamoja na ya orodha ya alama za miaka ya mwisho ya sekondari. Tafsiri hiyo ifanywe na mfasiri anayetambuliwa rasmi, na iambatanishwe na nakala ya cheti cha asili iliyothibitishwa. Tafsiri ya rafiki anayejua Kiingereza, hata iwe nzuri namna gani, hukataliwa kwa sababu haina muhuri.

Ofisi ya kuanzia ni ile ya wizara inayosimamia elimu mjini Bujumbura, kwa kuwa ndiyo yenye mamlaka ya kuthibitisha kwamba cheti ni halali. Baadhi ya vyuo hudai zaidi ya hapo, yaani uthibitisho wa Wizara ya Mambo ya Nje au wa ubalozi wa nchi inayokwendewa. Swali la kukiuliza chuo mapema ni hili: je, mnataka nakala iliyothibitishwa na nani? Jibu lililoandikwa huokoa safari mbili au tatu za bure.

Jambo la pili la nyumbani ni majina. Si nadra kukuta jina limeandikwa kwa herufi moja tofauti kati ya cheti cha kuzaliwa, pasipoti na cheti cha shule, au majina yamegeuzwa mpangilio. Mwalimu wa Buyenzi aliyezoea kuwaita vijana kwa majina yao hawezi kuona tatizo hapo. Mfumo wa kompyuta wa chuo huwahesabu wenye majina hayo kuwa watu wawili. Kosa la namna hiyo husahihishwa nchini Burundi, kabla ombi halijatumwa. Chuo cha nje hakina uwezo wa kulirekebisha.

Tatizo la miaka ya shule

Watu wengi hushangaa kuambiwa kwamba cheti cha mtihani wa taifa "hakijalinganishwa". Sababu yake ni tofauti ya mifumo. Nchini Tanzania na Uganda, mwanafunzi husoma miaka 7 ya msingi, miaka 4 ya sekondari ya kawaida na miaka 2 ya sekondari ya juu, jumla miaka 13. Nchini Burundi, tangu mageuzi yaliyoanza mwaka 2013, mwanafunzi husoma miaka 9 ya shule ya msingi na miaka 3 inayofuata, jumla miaka 12. Rwanda ina miaka 6, kisha 3, kisha 3. Nchini Kenya, mfumo wa miaka 8 ya msingi, 4 ya sekondari na 4 ya chuo kikuu ulitumika tangu miaka ya 1980, na sasa nafasi yake inachukuliwa na mtaala mpya.

Kwa hiyo afisa wa udahili wa Dar es Salaam anayepokea cheti cha Burundi hawezi kukisoma kama anavyokisoma cha kidato cha sita. Haoni daraja la kwanza wala la pili, haoni alama za herufi, na masomo yamepangwa kwa makundi asiyoyajua. Anahitaji barua kutoka chombo chenye mamlaka inayosema kwamba cheti hiki ni sawa na kiwango fulani hapa kwetu. Barua hiyo ndiyo cheti cha ulinganifu. Bila hiyo, ombi hubaki mezani hata kama alama ni nzuri sana.

Chombo cha ulinganifu kinaweza kuamua kwamba cheti ni sawa na cha sekondari ya juu, au kwamba ni pungufu kidogo. Ikiwa ni pungufu, mwombaji hatakiwi kukata tamaa. Anaweza kuanza na stashahada au mwaka wa maandalizi, pale chuo kinapotoa nafasi hiyo, kisha akaingia shahada. Jambo la muhimu ni kulijua hilo kabla ya kuuza kiwanja kwa ajili ya ada ya mwaka wa kwanza.

Tanzania: ofisi sita, kazi sita

Tanzania ndiyo jirani anayepokea maswali mengi kutoka Burundi, kwa sababu ya Kiswahili, ya undugu wa Kigoma na Kagera, na ya wingi wa vyuo. Ofisi zake zinahitaji maelezo marefu kidogo.

Ya kwanza ni Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, lililoanzishwa mwaka 1973. Wengi hulijua kwa matokeo ya mitihani ya shule, lakini ndilo pia linalolinganisha vyeti vya sekondari vilivyotolewa nje ya nchi. Aliyemaliza sekondari Bujumbura au Uvira anatakiwa kuanzia hapa. Baraza humpa cheti cha ulinganifu ambacho chuo hukitumia kumpima kama waombaji wengine.

Ya pili ni Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, NACTVET, lililorithi kazi za baraza lililokuwa likiitwa NACTE. Linasimamia ngazi za astashahada na stashahada. Mwenye stashahada ya nje anayetaka kuendelea na shahada nchini Tanzania hupeleka stashahada yake hapa kwa ulinganifu. Anayetaka kusoma stashahada, kwa mfano ya uuguzi au ya uhasibu, huuliza hapa kama chuo anachokitaka kimesajiliwa.

Ya tatu ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, iliyoanza kazi mwaka 2005 ikichukua nafasi ya baraza la ithibati lililotangulia. Tume hii haitoi nafasi ya masomo. Kazi yake ni kutoa ithibati kwa vyuo vikuu, vikiwemo vya Zanzibar, kuidhinisha programu zinazofundishwa, na kutangaza kila mwaka kitabu cha mwongozo chenye orodha ya programu na sifa za kujiunga nazo. Mwenye shahada ya nje anayetaka kusoma shahada ya uzamili huwasilisha shahada yake kwa TCU ili itambuliwe.

Hapa pana kumbukumbu ya zamani inayowapotosha watu. Kuanzia mwaka wa masomo 2010/2011, waombaji wa shahada ya kwanza nchini Tanzania walituma maombi kupitia mfumo mmoja wa pamoja uliosimamiwa na TCU. Utaratibu huo uliondolewa mwaka 2017, na tangu hapo waombaji huomba moja kwa moja katika vyuo. Kaka aliyesoma Dar es Salaam mwaka 2013 atamshauri mdogo wake "aandike TCU", akiwa na nia njema, lakini ushauri wake umepitwa na wakati.

TCU hubaki na jukumu moja linalomgusa mwombaji moja kwa moja. Aliyechaguliwa na vyuo viwili au zaidi hutakiwa kuthibitisha chuo kimoja ndani ya muda uliotangazwa, kwa kutumia namba ya siri anayotumiwa. Asiyethibitisha anaweza kupoteza nafasi zote. Mwombaji aliye Bujumbura akitumia namba ya simu ya Burundi ahakikishe mapema kwamba ujumbe unamfikia, au aingie katika akaunti yake ya maombi ya chuo kila siku wakati huo.

Ofisi ya nne ni ya chuo chenyewe. Katika vyuo vingi huitwa kurugenzi ya masomo ya shahada za awali, ofisi ya msajili, au ofisi ya udahili. Ndiyo inayopokea ombi, kulipima na kutoa barua ya kukubaliwa. Vyuo vikubwa, kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, vina pia ofisi inayowahudumia wanafunzi wa kigeni. Swali kuhusu programu, sifa, ada, bweni na tarehe ya kuripoti huelekezwa hapa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo vya mikoa, kikiwemo cha Kigoma, jambo linalowafaa wanaoishi karibu na mpaka na wasioweza kuhamia Dar es Salaam.

Ya tano ni Idara ya Uhamiaji. Barua ya kukubaliwa na chuo haitoshi kumruhusu mgeni kukaa nchini kwa miaka mitatu au minne. Kwa kawaida mwanafunzi wa kigeni huombewa kibali cha ukaazi cha daraja C. Wakati huohuo, kanuni za Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki zinataja pasi ya mwanafunzi kwa raia wa nchi wanachama. Kwa hiyo swali la kuuliza ni: mimi ni raia wa Burundi, nimekubaliwa na chuo hiki; je, ninaomba kibali gani, na ni chuo au ni mimi nitakayewasilisha ombi? Ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo hulijibu swali hilo kwa urahisi kwa sababu huwashughulikia wengine kila mwaka.

Ya sita ni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Bodi hii huwakopesha Watanzania tu. Mrundi anayekwenda kusoma hana haja ya kujaza fomu zake, na anayemwahidi mkopo huo kwa malipo anamdanganya. Wapo hata hivyo watu wenye asili ya Burundi wanaostahili kuomba: wale waliokimbia mwaka 1972, pamoja na watoto wao, waliopewa uraia wa Tanzania. Zaidi ya watu 160,000 walipata uraia huo. Hao ni Watanzania na huomba kama Watanzania wengine, wakitumia hati zao za uraia na vyeti vya kuzaliwa.

Uganda: sifa ya masomo ina uzito

Nchini Uganda, chombo kinachosimamia vyuo ni Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2001. Kama TCU, halidahili wanafunzi. Hapa ndipo mwombaji anapouliza kama chuo kina hati kamili au leseni ya muda, na kama programu anayoitaka imeidhinishwa na idhini yake haijapitwa na muda. Swali hili la pili husahaulika. Chuo kinaweza kuwa halali ilhali programu mojawapo haijaidhinishwa.

Vyeti vya sekondari vya nje hulinganishwa na Baraza la Taifa la Mitihani la Uganda, UNEB. Baada ya hapo ombi hupelekwa kwa msajili wa taaluma wa chuo husika. Chuo Kikuu cha Makerere, kilichoanzishwa mwaka 1922, hutangaza nafasi za wanaojilipia na waombaji wa nje huwekwa humo. Nafasi zinazolipiwa na serikali ni za raia. Wanaotoka Burundi na Rwanda huvitazama pia vyuo vya umma vya magharibi, kama Mbarara na Kabale, kwa kuwa safari ni fupi.

Uganda ina namna yake ya kupima waombaji. Kila programu huyapanga masomo ya sekondari katika makundi kulingana na umuhimu wake kwa programu hiyo, na alama za somo la lazima huhesabiwa kwa uzito mkubwa kuliko za somo la ziada. Kwa sababu hiyo, mwenye alama nzuri za jumla anaweza kuikosa programu kwa kuwa alama zake nzuri ziko katika masomo yasiyo na uzito kwayo. Kabla ya kulipa ada ya maombi, inafaa kumwandikia msajili na kumuuliza masomo gani ya cheti cha Burundi yatahesabiwa kuwa ya lazima.

Kenya: aliye mgeni haombi kupitia mfumo wa pamoja

Kenya ina chombo mashuhuri cha kuwapangia wanafunzi nafasi, KUCCPS, kilichoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 na kuchukua nafasi ya bodi ya pamoja ya udahili. Vyombo vya habari vya Kenya hukizungumzia sana, na hivyo wageni wengi hudhani ndiko kwa kuanzia. Chombo hicho huwapangia nafasi Wakenya waliofanya mtihani wa kitaifa wa sekondari, ambao kiwango chake cha chini cha kuingia shahada ni alama ya C+. Aliyemaliza shule Burundi huomba moja kwa moja kwa msajili wa masomo wa chuo anachokitaka.

Cheti chake cha sekondari hulinganishwa na Baraza la Kitaifa la Mitihani la Kenya, KNEC. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, iliyorithi kazi za tume ya elimu ya juu ya mwaka 1985, hutoa ithibati kwa vyuo na kutambua shahada za nje. Orodha ya vyuo vyenye hati na vile vyenye idhini ya muda hutolewa nayo. Ombi la pasi ya mwanafunzi hupitia idara ya uhamiaji kwa njia ya mtandao, likiwa na barua ya chuo. Bodi ya mikopo, HELB, huwahudumia Wakenya.

Rwanda: vyombo vichache, majina mapya

Rwanda iliviunganisha vyuo vyake vya umma kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda mwaka 2013, chenye kampasi katika miji kadhaa. Kwa hiyo mwenye kumbukumbu ya chuo cha Butare au cha teknolojia cha Kigali kwa majina ya zamani atambue kwamba leo huandikia Chuo Kikuu cha Rwanda, akiitaja kampasi na programu. Baraza la Elimu ya Juu, HEC, husimamia vyuo na kushughulikia ulinganifu wa shahada za nje. Mitihani na vyeti vya shule viko chini ya NESA, mamlaka iliyoundwa mwaka 2020. Vyuo binafsi hupokea maombi vyenyewe.

Baraza la pamoja la kanda

Kuna ofisi moja ambayo waombaji huisikia na kudhani kwamba itawapangia chuo: Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, IUCEA, lenye makao yake Kampala na lililoanzishwa mwaka 1980. Baraza hili huratibu viwango vya ubora na ulinganifu wa shahada kati ya nchi wanachama. Mwaka 2017 wakuu wa nchi waliitangaza kanda kuwa eneo la pamoja la elimu ya juu, na kabla ya hapo, katika Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika Julai 2010, nchi zilikuwa zimekubaliana kutambuliana vyeti. Makubaliano hayo humsaidia mwanafunzi, lakini hayaondoi hatua ya kulinganisha cheti chake wala hayampi nafasi ya masomo. IUCEA inafaa kuulizwa kuhusu ufadhili unaotangazwa kwa nchi wanachama, ambao zaidi huwa wa shahada ya uzamili.

Suala la ada linahusiana na hilo. Karatasi ya ada ya chuo huweza kuwa na safu mbili au tatu: raia, wanaotoka Jumuiya ya Afrika Mashariki, na wageni wengine. Burundi ni mwanachama tangu mwaka 2007, na Kongo tangu mwaka 2022. Mwombaji aulize kwa maandishi amewekwa katika safu ipi, na alihifadhi jibu hilo. Tofauti ya safu moja na nyingine kwa miaka minne inaweza kuwa ndiyo tofauti ya kumaliza na kuacha njiani.

Kwa walio wakimbizi

Vijana wanaoishi katika kambi kama Nyarugusu mkoani Kigoma wana njia tofauti kidogo. Kabla ya kukiandikia chuo, huonana na ofisi ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, UNHCR, au shirika linalosimamia elimu kambini, kwa sababu suala la kutoka kambini na la hati za utambulisho lazima litatuliwe kwanza. UNHCR ndiyo pia inayosimamia ufadhili wa DAFI, ulioanzishwa mwaka 1992 kwa msaada wa Ujerumani kwa ajili ya shahada ya kwanza ya wakimbizi. Maombi yake hayalipiwi.

Namna ya kuandika na kutambua walaghai

Barua inayojibiwa haraka ni fupi na ina mambo sita: jina kamili kama lilivyo katika pasipoti, uraia, cheti alichonacho mwombaji na mwaka alioupata, programu anayoitaka, mwaka wa masomo, na swali moja au mawili yaliyo wazi. Barua yenye maswali kumi hupitishwa meza kwa meza. Barua yenye swali la ada na la uhamiaji kwa pamoja huenda ikajibiwa nusu. Inafaa kuandika kwa Kiingereza. Nchini Tanzania Kiswahili fasaha nacho hupokelewa.

Anwani ihakikiwe. Vyuo vya Tanzania hutumia anwani za mtandao zenye mwisho wa ac.tz, vya Kenya ac.ke, vya Uganda ac.ug na vya Rwanda ac.rw. Ofisi za serikali ya Tanzania huishia na go.tz. Barua ya kukubaliwa iliyotumwa kutoka anwani ya bure ya mtu binafsi haifai kuaminiwa mpaka chuo chenyewe kiithibitishe.

Malipo nayo yana alama zake. Taasisi za umma za Tanzania hutoa namba maalumu ya malipo kwa kila anayelipa, na fedha huingia moja kwa moja katika akaunti ya serikali. Nchini Kenya huduma za serikali hulipiwa kupitia jukwaa la eCitizen. Mtu anayetaka ada ya maombi au "ya kuharakisha faili" itumwe kwenye simu yake, hata awe na kitambulisho shingoni, si ofisi. Wakala halali wapo, lakini hata wao hawana uwezo wa kutoa nafasi; wanajaza fomu ambayo mwombaji angeweza kuijaza mwenyewe.

Wanaotaka udaktari, uuguzi, ufamasia au sheria waongeze swali moja: je, baraza la taaluma hiyo linakitambua chuo hiki? Chuo kinaweza kuwa na ithibati ya tume, na bado mhitimu asisajiliwe kufanya kazi. Na anayekusudia kurudi nyumbani aulize mapema katika wizara mjini Bujumbura kuhusu utaratibu wa kulinganisha diploma za nje, ili ajue nyaraka gani azihifadhi wakati wa masomo.

Kwa ufupi

Anayetaka kujua kama chuo ni halali huuliza TCU, NCHE, CUE au HEC. Anayetaka cheti chake cha sekondari kilinganishwe huenda NECTA, UNEB, KNEC au NESA. Anayetaka nafasi ya masomo humwandikia msajili au ofisi ya udahili ya chuo. Anayetaka kuishi kihalali akiwa mwanafunzi huomba kwa uhamiaji, kwa msaada wa chuo. Anayetafuta mkopo wa serikali ya nchi jirani ajue kwamba si haki yake, aelekeze nguvu kwenye ufadhili na akiba ya familia.

Madirisha ya maombi kwa kawaida hufunguliwa kuelekea katikati ya mwaka, na masomo huanza kati ya Agosti na Novemba, kutegemea nchi. Ulinganifu wa cheti huchukua wiki kadhaa. Kwa hiyo mwenye cheti mkononi asingoje tangazo la chuo. Tafsiri, uthibitisho na ulinganifu vinaweza kushughulikiwa mapema, na dirisha litakapofunguliwa atakuwa amebakiwa na fomu moja ya kujaza.